Umetia Nini Kwenye Maji?

Kihesa, Iringa
Jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Atupele,

Kamwene. Najua ni kichekesho mtu kumwandikia barua mtu anayelala chumba cha pili, tena ambaye sasa hivi yuko kwa shangazi yake nyumba ya tatu, anaagwa kwa wali na kuku. Nilikataa kwenda nanyi nikasema mgongo unaniuma. Mgongo hauumi. Nilitaka nyumba iwe kimya nipate kuandika, kwa sababu liko jambo ambalo mdomo wangu umeshindwa kulisema mwaka mzima, na mdomo ulioshindwa mwaka mzima hautaweza kesho alfajiri pale stendi, makondakta wanapiga kelele na wewe unahesabu mabegi.

Sitakuandikia habari za chakula cha njiani, wala kuwa mwangalifu na simu, wala kuvaa kanga ukifika pwani. Hayo shangazi yako atakuwa ameshayasema, kila moja mara mbili. Wewe ni mtu mzima, una diploma yako ya ufugaji wa samaki, na Tanga si Ulaya. Bi Mwanaidi anakusubiri kwenye kituo chake cha samaki. Atakufundisha hadubini na dawa, na kabla mwaka haujaisha utayajua magonjwa ya samaki wa baharini kuliko mimi niliyeyabahatisha miaka yote hii. Mimi nataka kukuambia makosa yangu tu. Ufundi utaupata kwa wengine. Makosa haya ninayo peke yangu.

Nianze na lile unalolijua nusu.

Ulikuwa na miaka tisa bosi alipoleta bahari hotelini. Mimi nilikuwa mtunza bustani pale, kazi yangu kufagia majani na kumwagilia maua. Bosi alikwenda Dar, akaona hoteli yenye tangi la samaki wa baharini pale mapokezi, akarudi hana usingizi. Iringa hii, ambako mwezi wa sita mtu anaoga kwa kujilazimisha, yeye akataka samaki wa maji ya chumvi, tena ya uvuguvugu. Tangi likaja kwa lori, kioo kirefu kama kitanda cha watu wawili, pamoja na mifuko ya chumvi ya kuchanganya, mawe ya matumbawe na vyombo vya kupasha maji moto. Akatukusanya wafanyakazi akauliza nani aliwahi kufuga samaki. Hakuna. Akauliza nani mkulima. Nikanyoosha mkono, mjinga mimi, kwa kuwa nimezaliwa Ilula na nyanya nimezilea tangu nina miaka saba.

"Basi wewe," akasema. "Kufuga ni kufuga, kulima ni kulima, vyote ni kumwagilia."

Ndivyo nilivyokuwa daktari wa samaki.

Samaki walitoka Tanga kwa basi, ndani ya mifuko ya nailoni iliyojazwa hewa na kupangwa kwenye boksi. Wapagazi wa stendi walidhani ni askrimu. Aliyewatuma alikuwa Bi Mwanaidi, ambaye miaka ile sikumjua zaidi ya sauti ya kwenye simu. Kundi la kwanza lilikaa vizuri, nikaanza kutembea kwa maringo. Katika kundi la pili alikuwamo kangaja mmoja, wa buluu, mwenye mwiba mkali kwenye shina la mkia, mzuri mpaka wapishi walitoka jikoni kumtazama. Bi Mwanaidi aliniambia kwenye simu, "Huyo mgeni usimwingize kwa wenzake. Mweke chombo chake peke yake wiki nne, umtazame." Nikajibu ndiyo mama. Nikakata simu, nikamtia tangini siku hiyo hiyo, maana bosi alikuwa amesimama nyuma yangu na wageni wake na simu zao za kupiga picha.

Baada ya siku chache nikaona punje nyeupe kwenye mapezi yake. Nilidhani ni chumvi. Usicheke. Maji ni ya chumvi, punje ni nyeupe kama chumvi, mtu wa Ilula angedhani nini? Nikajua sijakoroga vizuri, nikakoroga. Kangaja akaanza kujisugua kwenye mawe, mara ubavu huu, mara ule, nami nikasema anacheza. Siku ya nne punje zikatoweka. Nikampelekea bosi habari njema, akaniagizia soda.

Mwanangu, hiyo soda niliinywa kwa raha sana. Sikujua kwamba zile punje zilikuwa kijidudu kilichojichimbia ndani ya ngozi, kinakula. Kikishashiba kinajiachia chenyewe, kinazama mchangani, kinajifunika, na humo ndani kinajigawa mamia. Siku zile samaki anapoonekana mzima ndizo siku ugonjwa unazaana chini yake. Wewe umeyasoma hayo chuoni ukiwa umekaa kwenye kiti. Mimi niliyasoma wiki iliyofuata, nilipokuta samaki wote tisa wamenyunyiziwa weupe toka puani hadi mkiani.

Nilikuwa nimewahi kumsikia Bi Mwanaidi akisema kwamba dawa ya ugonjwa huo ni ya shaba. Ningempigia anieleze, lakini ningempigia ningelazimika pia kumwambia kwamba yule mgeni sikumtenga. Nikajisemea, shaba? Ni nani wa Ilula asiyeijua shaba? Ni mrututu, ule unga wa buluu tunaopulizia nyanya zikishikwa na ukungu. Babu yako alikuwa na kipimo chake, kizibo cha soda, na hajawahi kuunguza shamba. Nikapanda gari la asubuhi, nikaenda stoo ya babu yako, nikarudi na mrututu kwenye gazeti. Nikatia vizibo viwili. Viwili tu, nikajiona mtu mwangalifu.

Wale kamba wekundu waliokuwa wanasafisha mawe walikufa kabla ya chakula cha mchana. Konokono wakaachia kioo wakaanguka. Samaki wakapanda juu, midomo wazi, mashavu yakipiga haraka haraka. Hapo ndipo nikapiga simu.

"Umetia nini kwenye maji?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza.

"Sijatia kitu, mama."

Akaniambia niongeze hewa. Nikaongeza. Saa moja baadaye nikapiga tena, wamekufa wawili. Akauliza tena umetia nini, nikaapa. Akahisi labda umeme umekatika, labda maji yamepoa, maana alijua baridi yetu. Akaniambia nipashe maji. Nikapasha, nikijua kabisa kwamba baridi siyo inayowaua. Wakafa watatu wengine. Safari ya tatu sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliyeketi.

"Baba Atu, nikwambie kitu? Mimi nimeua samaki wengi kuliko wote utakaowaona maishani mwako. Niliwahi kuua boksi zima kwa sabuni ya mkononi mwangu. Sasa wewe umetia nini?"

Nikamwambia.

"Mrututu wa shamba?"

"Wa shamba."

"Kwa kizibo?"

"Kwa kizibo, mama."

Hakucheka, hakulaumu. Alisema, "Haya. Watoe wote sasa hivi, maji mapya kwenye ndoo, chumvi ile ile, joto lile lile. Tutazungumza baadaye." Alipona mmoja, yule mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe. Mawe yote ikabidi yatupwe kwa sababu yalikuwa yamekunywa shaba. Baadaye alinieleza kwamba kizibo kimoja kingetosha matangi zaidi ya kumi ya ukubwa ule, na ilikuwa kitiwe kidogo kidogo, kwa kupima kila siku, kwenye chombo kisicho na mawe wala kamba. Lakini hilo la vipimo si ndilo lililonibakia. Lililonibakia ni kwamba samaki wale hawakuuawa na mrututu peke yake. Kati ya simu ya kwanza na ya tatu walikufa watano, na hao watano niliwaua kwa mdomo.

Wewe unakwenda kufanya kazi ya kupigiwa simu, Atu. Watakupigia wenye mahoteli, wenye pesa wa Dar, na wajinga kama baba yako. Samaki hasemi, na mwenye samaki hasemi kweli. Ameshatia kitu, na ana aibu. Ukimuuliza kipolisi atakuapia kwa mama yake. Sijui Bi Mwanaidi alijifunzia wapi kuuliza namna ile, lakini tangu siku ile nimekuwa nikitamani mtu aniulize hivyo kuhusu mambo mengine.

Ni mwaka huo huo mama yako alipokwenda Chunya. Hili hatujalizungumza sawasawa, na sitaki ulipeleke Tanga likiwa nusu. Hakufukuzwa, wala hakutoroka. Alisema anakwenda kuwapikia wachimba dhahabu miezi mitatu, tupate mabati ya nyumba hii. Alifunga mzigo wake mezani hapa ninapoandikia. Nilimsindikiza hadi barabarani, akasema "ndaga" kwa kile Kinyakyusa chake, kama mtu anayekushukuru kwa chai, akapanda. Miezi mitatu ikawa sita. Kisha ikaja habari kwamba ana nyumba nyingine kule, na mtoto. Mabati nikanunua mwenyewe. Sikumchukia, nilishangaa tu jinsi mtu anavyoweza kuondoka kwa sauti ya kawaida namna ile. Tangu hapo kila anayefunga begi mbele yangu namsikia yeye, hata akiwa mgeni wa hoteli anayerudi kwao.

Ndipo ukawa unakuja hotelini ukitoka shule. Mapokezi walikuzoea. Ulikaa kwenye kigoda pembeni ya tangi ukifanya hesabu, na ukichoka hesabu unatazama samaki. Hukuwa unatazama kama wageni, wanaotazama rangi. Ulikuwa unahesabu mashavu yanapiga mara ngapi kwa dakika, ukaniandikia kwenye daftari la hesabu, nami nikapigiwa simu na mwalimu wako kuulizwa hizi namba ni za nini.

Kumbuka ile siku uliyokuwa kidato cha tatu. Nilikwambia wana madoa meupe tena, nataka kuanza dawa. Ukasema, "Baba, subiri." Ukazima taa ya tangi, ukawasha tochi ya simu, ukaimulika kwa pembeni, shavu lako limegusa kioo. "Haya siyo madoa, Baba. Njoo uone. Kama amepakwa unga wa ulezi." Nikainama. Kweli, ubavu wote ulikuwa na vumbi laini la kahawia, linang'aa kidogo, ambalo kwa macho ya kusimama nisingeliona. Ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa, ule unaoua kwa siku mbili tatu, unaoanzia kwenye mashavu kabla ya ngozi. Tuliwahamisha jioni ile ile. Wewe ndiye uliyesoma rangi ya kipimo cha shaba kwenye kile kichupa, maana macho yangu yalikuwa yameanza kunidanganya. Kati ya saba walipona wanne, na Bi Mwanaidi alipojua aliuliza nani aliona.

"Binti yangu."

"Huyo mtoto mtunze," akasema. "Siku moja nitamtaka."

Nilicheka. Nilijivunia mpaka nikawasimulia walinzi. Lakini nakuambia kweli, hata siku ile, katikati ya kicheko, neno "nitamtaka" lilinichoma.

Ulipokwenda chuoni Mbeya, miaka miwili, niliishi kama mlinzi wa nyumba ya mtu mwingine. Nilikuwa nikipika ugali wa watu wawili, nakumbuka nimeshasonga. Nikasema haidhuru, atarudi. Na ukarudi. Siku uliyoshusha begi lako sebuleni nilikwenda uani nikajifanya napasua kuni, kumbe nalia kwa furaha.

Sasa nafika pale ninapopaogopa.

Mwaka jana, wakati wa baridi, Bi Mwanaidi alinipigia. Si kwa habari za samaki. Alisema kituo chake kimekua, anataka mtu wa kumfundisha kazi ya kutambua magonjwa, mtu mwenye jicho. "Yule binti yako amemaliza? Nitumie. Nafasi yake ipo, chumba kipo." Wewe ulikuwa uani unaanika nguo. Nilikuwa nakuona kupitia dirishani. Ulikuwa unaimba vibaya kama kawaida yako.

Nikamwambia unaumwa. Nikasema una kifua, daktari amekukataza safari na hewa ya chumvi. Maneno yalitoka mepesi, hata sikuyatafuta. Akasema masikini, mpe pole, basi nitamtafuta mwingine. Nikasema asante. Nikatoka uani nikakusaidia kuanika shuka.

Ukaniuliza nani alikuwa kwenye simu, nikasema wa hotelini.

Kwenye boksi la samaki lililofuata, pembeni ya mifuko, nilikuta chupa ya asali imefungwa kwa gazeti, na kikaratasi: ya kifua cha mtoto, kijiko kimoja asubuhi, Mungu amponye. Mwanangu, ile asali niliyokwambia amenipa mgeni wa hoteli, ile uliyoipenda ukawa unaipaka kwenye mkate mpaka ukaikwangua kwa kidole, ilikuwa hiyo. Nilikutazama ukiila. Kila asubuhi nilikuwa nakunywa chai yangu haraka ili nitoke.

Nilijidanganya kwamba nitakuambia wiki ijayo. Kisha nikajidanganya kwamba kazi nyingine itakuja, ya hapa hapa Iringa, na hili litakufa lenyewe. Wewe ukaandika barua za maombi. Ukapeleka Mafinga, ukapeleka Mbeya, ukapeleka mabwawa ya watu wa misheni. Majibu hayakuja, au yalikuja yale ya tutakutafuta. Ukawa unakwenda Ilula siku za wiki kumsaidia bibi yako kuuza nyanya barabarani. Siku moja nilikuja huko bila kukuambia, nikakuona unakimbilia dirisha la basi na beseni kichwani, unapunguza bei huku basi limeanza kutembea. Diploma yako ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni chini ya godoro la bibi yako. Nilirudi mjini bila kukusalimia.

Halafu Jumamosi ile, ulikuwa unamenya viazi. Hukuniangalia. Ulisema, "Baba, hivi mimi nina kasoro gani?"

"Kasoro ya nini?"

"Wenzangu wote wamepata. Hata wale niliokuwa nawafundisha mimi. Kuna kitu watu wanakiona kwangu ambacho mimi sikioni. Wewe niambie tu, sitakasirika."

Nikakujibu, "Kazi ni ngumu siku hizi, mama. Vumilia."

Kati ya yote niliyofanya, jibu hilo ndilo linaloniamsha. Uongo wa simu niliusema kwa mtu wa mbali. Hili nilikuambia wewe, kisu mkononi mwako, macho yamekuvimba. Ulikuwa umeniuliza kwa upole kabisa, umeniahidi hutakasirika, mlango uko wazi, nami nikaufunga. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuficha maradhi, mimi niliyatunga, nikampachika mtoto mzima.

Nilivumilia siku tatu. Ya nne nilikwenda nyuma ya jiko la hoteli nikampigia Bi Mwanaidi, nikasema, "Yule mtoto amepona." Akamshukuru Mungu kwa sauti. Akasema aliyempata badala yako ameolewa ameondoka, nafasi iko wazi, uje hata kesho. Na wewe nilipokupa habari ulirukaruka, ukanikumbatia, ukasema baba yangu umenipigania. Nyumba ikajaa vicheko tena. Nami nikanywa ile soda, mwanangu. Nikasema madoa yametoweka.

Lakini mimi si yule wa mwaka ule. Nilijua yalipokwenda.

Leo mchana nimempigia simu nikamwambia ukweli wote, kwamba hukuwahi kukohoa hata siku moja, kwamba niliona nguo zinaanikwa nikashindwa. Safari hii aliniacha nimalize yote. Kisha akauliza, "Na mtoto anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Basi ajue kabla hajapanda basi, na ajue kwako. Akifika hapa hajui, nitamwambia mimi, na hilo hutalipenda." Ni mtu mwema, utampenda. Lakini hakuniambia haidhuru, nami sikutegemea aniambie.

Basi sasa unajua. Huna kasoro. Sikiliza hili peke yake kama mengine yote yatakuudhi: huna kasoro, hujawahi kuwa nayo. Mtu wa kwanza kujua thamani yako katika nchi hii nzima alikuita, na baba yako akazuia mwito huo mlangoni. Mwaka ule uliodhani dunia imekukataa, aliyekuwa hataki uende ni mimi.

Nisikutafutie sababu nyingi. Niliogopa. Nilijua ukienda utapenda kule. Utapata watu wanaozungumza lugha ya kazi yako, utazoea bahari ya kweli isiyohitaji mtu kukoroga chumvi kwenye pipa, na utakuwa unanipigia Jumapili, kisha Jumapili moja moja. Na hivyo ndivyo itakavyokuwa, naona. Hata sasa, naandika huku nasikiliza kama geti linalia. Nimeshaanza kukukumbuka na bado hujaondoka. Nimepita chumbani kwako nikaona kitanda umekitandika vizuri kuliko siku zote, nikatamani ungekiacha kimevurugika.

Bi Mwanaidi alinifundisha kwamba samaki mgeni anatengwa ili alindwe, na kutengwa kuna siku ya mwisho. Ukipitisha siku hiyo unamtesa tu, hata kama unamlisha, hata kama unampenda. Chombo ni kidogo, anapinda mgongo. Hilo nilikuwa nikilitekeleza hotelini kwa kalenda iliyotundikwa ukutani, kisha narudi nyumbani.

Siombi uniambie yamekwisha. Wala usinisamehe haraka kwa kuwa ni baba yako na una safari. Kasirika kwa kadiri yake. Nikikumbuka ulivyo, hasira yako haina kelele, unanyamaza na kuosha vyombo. Mimi naiweza, nimeishi nayo tangu una miaka kumi.

Nilifikiria kuiweka barua hii chini kabisa ya begi, uikute ukishafika. Ingenifaa. Mwoga hupenda hasira ya mtu aliye mbali. Lakini hapo ningekuwa nimekunyima tena haki ya kuamua ukiwa unajua. Kwa hiyo naiweka juu ya mto wako, uisome usiku huu, mimi nikiwa chumba cha pili, mlango wangu sijaufunga.

Gari linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi nitakuwa nimekaa jikoni. Ukitaka nikubebee begi mpaka stendi, niite tu kama unavyoniita siku zote. Ukitaka shangazi yako ndiye akusindikize, mpigie, atakuja hata kwa kanga ya kulalia, na wewe pita zako. Sitatoka kukuzuia, sitakuita nyuma, na sitamruhusu mtu yeyote aseme kwamba uliondoka bila adabu. Nitakaa pale mpaka nisikie geti, kisha mpaka nisiisikie tena miguu yako barabarani.

Vyovyote utakavyoamua, nitakuwa nimeshavaa viatu.

Ni mimi,
Baba yako